Jina la Wifi

Jumatatu, 6 Machi 1995
Tangawizi tena. Nimeiponda, nimeichemsha, nimeinywa bila sukari. Kizunguzungu kimepungua kidogo. Mlio haujapungua. Sikio la kushoto, nyiii, tangu Ijumaa. Nesi wa kliniki anasema damu yangu ni kidogo na mimba ya miezi minane ina mambo yake. Nile sukuma wiki, ninywe maji, nisiinuke kitandani kwa haraka. Nainuka kama bibi kizee.

Alhamisi, 9 Machi
Mama Abdi wa mlango wa pili amenipaka mafuta ya habasoda nyuma ya sikio. Wapi. Akacheka: "Unasengenywa, dada. Taja majina. Sikio likinyamaza, huyo ndiye." Nimetaja nikichagua mchele. Majirani, dada zangu, mama mkwe, hata yule wa mboga pale stejini kwa matatu. Hakuna.

Jumanne, 14 Machi
Niandike tu, nani atasoma. Nilikuwa nafua. Nikataja Nafula. Kimya. Nikasikia maji yakidondoka kwenye karai, na mtu akivuta pumzi nyuma yangu. Nikageuka. Ua tupu.

Nafula ni dada ya Barasa, mume wangu. Alikuja kwetu mwaka jana anakohoa, amekonda. Wapangaji wenzetu wa ploti wakaanza kunong'ona. Nikamtengea kikombe. Kisha sahani. Kisha nikamwambia Barasa achague, mimi au yeye. Akampandisha basi la Bungoma. Hakumaliza mwezi, akafa. Naogopa. Na naona haya.

Ijumaa, 17 Machi
Sijamtaja tena, sitaki. Mlio umerudi, umehamia masikio yote mawili. Tangawizi, maji, ndizi mbivu, redio ya sauti ya chini, yote nimefanya. Leo nimeshika ukuta nisianguke. Nikianguka na tumbo hili?

Jumapili, 2 Aprili
Msichana. Mzima. Mama mkwe amefika kutoka nyumbani.

Jumanne, 4 Aprili
Hanyonyi. Analia tangu jana. Nesi haoni ugonjwa, ila akishinda hivi leo alazwe. Mama mkwe amempakata, anamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Ndivyo kwao, mtoto hutulia akisikia jina la marehemu atakayemrithi. Nyanya zake wote, mashangazi wa zamani. Analia tu. Jina la Nafula hakulitaja. Ni binti yake, jeraha bado bichi. Midomo ya mtoto imekauka. Barasa ananitazama.

Nikalisema mimi.

Amenyamaza papo hapo. Amenyonya matiti yote mawili.

Jumatano, 5 Aprili
Masikio kimya. Nimesimama bila kushika kitu. Mama mkwe amenishukuru kwa kumkumbuka binti yake, akalia. Hajui kwa nini Nafula alirudishwa nyumbani. Barasa anajua.

Mtoto ananyonya huku ananitazama, hapepesi. Nampenda. Namwogopa pia. Walipotoka nilimwita jina lake polepole, nikamwomba msamaha. Aliacha kunyonya, akanisikiliza mpaka nikamaliza.