Kifua cha Koku

Jumatatu, 4 Mei 1953
Injini ya umeme hapa hospitali imegoma tena asubuhi. Nimepiga picha nne tu za eksirei leo, na ya mwisho imeharibika. Ni ya Koku, mama kijana wa Izimbya, kiziwi tangu kuzaliwa. Anakohoa, amekonda, na ana mtoto anayenyonya. Daktari anashuku kifua kikuu. Nikamwambia, "Vuta pumzi, zuia." Nilikuwa nasema na nani? Mjinga mimi! Akaendelea kupumua, picha imetoka ukungu mtupu.

Jumanne, 5 Mei
Filamu kubwa, ya kutosha kifua, imebaki moja. Nyingine mpaka meli izilete, na hakuna ajuaye lini. Makohozi ya Koku yamepimwa, hayakuonyesha kitu. Daktari kasema waziwazi: bila picha, hampi kitanda cha wodi ya kifua. Kipo kimoja, wanaokitaka wengi. Asipolazwa ataendelea kumnyonyesha mtoto na kumkoholea usoni.

Jumatano, 6 Mei
Nimepata! Taa. Ikiwaka, avute pumzi atulie. Ikizimika, apumue. Kaka yake, Yohana, alisimama akavuta pumzi, naye Koku akamwiga. Tumejaribu bila filamu mpaka injini ikazimwa. Ameelewa upesi kuliko wengi wenye masikio, na kila taa ilipozimika alicheka. Nimerudi nyumbani Kitendaguro napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Mei
Astaghfirullahi. Alisimama vizuri, kifua ubaoni, kidevu juu. Taa ikawaka. Akatulia kabisa. Mara Daktari akafungua mlango, anataka kuiona hiyo taa yangu. Mlango uko mbele yake Koku. Kaona mkubwa kaingia, akapiga magoti kumwamkia, kama mwanamke yeyote wa huku aliyelelewa vizuri. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza kitufe cha mashine.
Filamu ile ya mwisho ina vivuli vya mabega, basi. Nilitaka kumfokea Daktari. Nikasema, "Samahani, Bwana." Mimi ndiye nikaomba radhi! Hata komeo sikufunga. Koku akanitazama anatabasamu. Alidhani tumemaliza vizuri.

Ijumaa, 8 Mei
Kitanda kapewa mwingine. Daktari ameshakwenda Muleba, kwenye ziara. Kabla hajaondoka sikuthubutu kumkumbusha habari za Koku. Nimeswali, hotuba sikuisikia. Nina hasira na sina wa kumtolea.

Jumamosi, 9 Mei
Wameondoka leo. Yohana aliniuliza kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, bwana wetu, picha imesema nini?" Nikamwambia haikutoka, warudi meli ikileta filamu. Lini? Sijui. Nikamwambia mtoto alale kwa bibi yake, asikae karibu na mama. Akaniangalia kwa upole. "Atanyonya nini, waitu?"
Koku akamfunga mtoto mgongoni, akanipungia mkono. Nikawasindikiza mpaka barabarani. Mtoto akakohoa.
Vumbi, nilijiambia. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.