Jina Langu Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Dada mpendwa,

Habari za huko? Mimi mzima, ila kiti cha kazini kinanivunja kiuno. Nasikia tovuti ya yule mwenye duka la viatu inakwenda vizuri. Mteja wa kwanza kwa mtu aliyejifunzia kazi jikoni, si mchezo.

Leo nina vijambo viwili. Kwenye lile dirisha jeusi la Linux usihangaike kuandika upya amri ndefu: bonyeza Ctrl na R, charaza herufi chache, ya zamani inajileta yenyewe. La pili nimeligundua leo. Ukiandika who, kompyuta inakutajia waliomo ndani yake. Ya ofisini imenitajia mwenzangu aliye likizo, kumbe alijisahau humo. Tumecheka mpaka basi. Jaribu kwenye hiyo niliyokupa.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako

Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo, pole na kiuno. Nimejaribu. Jina langu limetokea mara mbili, na la pili lina tarakimu pembeni. Nimezima, nimewasha, likarudi. Nimeharibu nini?

Halafu asubuhi, kwenye chai, shemeji yako kaniuliza, "Huyo mwenye viatu anataka picha ngapi?" Sijawahi kumwambia habari za viatu. Nimekuambia wewe tu, humu humu kwenye barua pepe. Siku zote akitaja jambo kabla sijalisema, nilidhani ndoa imeiva, ananijua moyo.

Nijibu upesi.

Dada yako

Alhamisi, 6 Machi

Dada,

Hii ni ya karatasi. Naipitisha kwa fundi cherehani jirani yako, akupe ukienda kupimwa gauni. Niwie radhi, salamu zimenikauka.

Hujaharibu kitu. Tarakimu zile ni za mashine nyingine: mtu anaingia kwako kwa jina lako na kusoma unachoandika. Shemeji, anayetengeneza simu za watu dukani kutwa, hashindwi hilo. Na barua yako ya jana ameshaisoma. Ndiyo maana humo nimekujibu kwamba ni hitilafu tu. Ukiifungua, cheka mbele yake. Usimfungie njia bado, atajua umejua.

Sasa niambie kweli. Ule mkono uliouguza, kweli ulibanwa na mlango kama ulivyosema?

Mdogo wako, mwenye hofu

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima wa afya. Ile ilikuwa hitilafu ndogo, mume wangu ameirekebisha. Kazi ya tovuti nimeiacha, inachosha macho. Usiniandikie kwa sasa.

Dada yako

Jumatano, 12 Machi

Dada,

Maneno ya jana sijui ni yako au ni yake. Fundi anasema hujapita kwake tangu Ijumaa ulipochukua barua yangu, na pazia lako limefungwa mchana kutwa. Atakuletea gauni mwenyewe, na barua hii ndani ya bitana.

Jumamosi nakuja. Nitakaa kwake mpaka utoke. Usipotoka nitakuja kubisha.

Mdogo wako

Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu,

Fundi akikupa hii, kaa kwanza. Niko salama. Usiende kule kubisha.

Ya Jumanne niliiandika kwa mkono wangu, yeye kasimama nyuma kanishika bega, ananitajia neno kwa neno. Na mkono haukubanwa na mlango.

Gauni lilipofika alilikung'uta, asione kitu. Jana akasema Jumamosi haendi dukani, atashinda na mimi. Nikajua siwezi kukungoja. Alipotoka tu niliwasha mashine, nikafungua kazi ya viatu, nikaiacha hivyo ili akichungulia adhani nipo. Nikatoka na gauni mkononi na kandambili miguuni.

Nipo kwa mama mkubwa wa fundi, muuza magodoro. Asubuhi hii mlango umegongwa, sauti ya mwanamume. Nikajibana katikati ya magodoro. Nikamsikia akiuliza bei ya godoro la mtoto, akilalamika, akiondoka nalo. Mama mkubwa kaja kanikuta bado nimejibana. Hakuniambia nitoke. Kaketi sakafuni kando yangu, anamenya viazi.

Naandikia humo humo. Fundi atakuelekeza. Njoo, lakini ukifika usigonge. Niite.

Dada yako