Maneno ya Celeste Mlangoni

Coalbrook, Pennsylvania
Ijumaa, 11 Machi 2011

Mdogo wangu mpendwa Rosalie,

Zikufikie salamu zangu huko kwenye jua lenu, wewe na Paulette na yule mjukuu wetu Marisa ambaye sauti yake kwenye simu ni yako tupu ulipokuwa msichana. Mgongo wako unaendeleaje? Zile dawa ulizosema zinakupa usingizi mzito, bado unazimeza? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanitangazia theluji siku mbili kabla haijaanguka, na mwaka huu limetangaza bila kupumzika. Juzi tulipakwa majivu, na leo kina mama wa kanisa wamepika pirohi, yale mafungu ya unga yaliyojazwa viazi na kupakwa siagi, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Nimekula saba. Usimwambie Paulette, atanihubiria juu ya siagi.

Uliponipigia Jumapili ukashangilia kwamba televisheni inarudisha mchezo wetu, "Bonde la Ashbourne", kila mchana, kuanzia vipindi vya majira yale yale ya baridi, nilicheka na wewe. Nadhani hukusikia kwamba nilicheka kidogo. Tangu siku hiyo na mimi ninaangalia. Saa nane ikifika ninavuta mapazia kama zamani, ninakaa kwenye kiti cha mama, na wanaanza kuingia mmoja mmoja, vijana kama walivyokuwa, wakati mimi nimekuwa kikongwe. Ni kama ndoto ya mchana, Rosalie. Rangi zimefifia, sauti inakwaruza kidogo, lakini Celeste akigeuza shingo ninasikia harufu ya wanga na pasi ya moto, na ninatazama dirishani kuona kama umeshatoka kiwandani.

Unakumbuka tulivyowachukulia kama ndugu? Yule Daktari Julian aliyekufa mara mbili, na mara zote mbili akarudi na ndevu tofauti! Alipozimia wiki sita, Bi Petrik wa nyumba ya pili alisimama kanisani akaomba tumwombee daktari mmoja aliye mahututi, na kanisa zima likapiga magoti. Baada ya misa Padri Cyril akamfuata kwa heshima kumuuliza amelazwa hospitali gani ili akampake mafuta. Bi Petrik hakuona haya hata kidogo. Alimwambia, "Padri, yuko chaneli ya sita, saa nane, na ukienda kabla ya tangazo la sabuni utamkuta." Na mama yetu, Mungu amrehemu, alikataa miaka miwili kumwamkia mke wa mwokaji mikate kwa sababu tu alifanana na Lenore, yule aliyemwibia Celeste barua zake.

Na Celeste na Royce! Harusi nne baina yao, na kila harusi kuna mtu anasukuma mlango wa kanisa na kupiga kelele. Marisa atacheka. Mwache acheke. Sisi hatukuwa wajinga, tulijua ni watu wa kuigiza. Ila mtu aliyeingia nyumbani kwako kila siku kwa miaka kumi na mbili bila kukosa, hata baba yetu hakufanya hivyo.

Mimi nilikuwa na bahati ya kuwaona kwa sababu nilipiga pasi nyumbani mashati ya watu. Wewe na wenzako wa kiwanda cha glavu mlitoka saa kumi na nusu. Basi mlikuja moja kwa moja jikoni kwangu, wewe na Stella na yule Agnes mwenye kikohozi, mkakaa kwenye benchi karibu na jiko bila hata kuvua makoti, na Agnes akasema neno lake lile lile: "Haya Bernadette, mwaga!" Nami nikamwaga. Nilisimulia na unga mikononi, nikawatolea sauti za kina Celeste, nikainua nyusi kama Lenore. Stella aliwahi kusema kwamba siku ya likizo yake aliangalia mwenyewe na hakuona utamu, eti mimi ninasimulia vizuri kuliko wao wanavyoigiza. Nililewa sifa. Nakuambia hili ili ujue kwamba kipaji cha kuongeza chumvi nilikuwa nacho kabla ya siku ile.

Sasa ninafika kwenye siku ile, na ninaomba ukae chini. Kwenye simu nisingeweza, ningecheka au ningelia, na wewe ungeniuliza hali ya hewa.

Ulikuja kwangu mwezi wa Novemba 1973, na Paulette wa miaka miwili begani, na koti lisilo na kifungo hata kimoja. Mumeo Walt alikuwa amekuvunja mkono. Sitayaandika mengine, unayajua. Februari ilipofika plasta bado ilikuwa mkononi, kiwandani wamekupa kazi ya kuhesabu glavu kwa mkono mmoja, na Walt alikuwa ameshaanza kutuma maua, kisha kumtuma mama yake, kisha akaja mwenyewe akasimama uani kwenye theluji, kofia mkononi, analia. Mlipatana mwonane Jumapili baada ya misa. Kila mtu alikuambia rudi. Mama alisema mwanamume anayelia amekwisha kubadilika. Mimi sikusema kitu, kwa kuwa nilikuwa sijaolewa na kila nilipofungua mdomo niliambiwa ninajua nini.

Na huko Ashbourne mambo yalikuwa hayo hayo. Royce alikuwa amempiga Celeste ngazini, Celeste amehamia hotelini, Royce anapanda na kushuka anaomba msamaha. Ulikuwa unasikiliza huku umekumbatia plasta yako, hucheki tena kama wenzako. Jumatano jioni walipoondoka ulibaki mezani, ukaniambia polepole kwamba unataka kuona Celeste atafanya nini. Kisha ukajicheka mwenyewe. Lakini mimi nilikulea, Rosalie. Nilijua hukuwa unatania.

Alhamisi nilikuwa ninapiga pasi shati jeupe la Walt. Ndiyo, mama yake alilileta kwangu, la kuvaa Jumapili, na mimi nikalipokea kwa sababu sikujua namna ya kulikataa. Saa nane Celeste alifungua mlango wa chumba cha hoteli, Royce akasimama pale na theluji kwenye mabega yake.

Alimrudia.

Aliweka mkoba chini, akamkumbatia, muziki ukapanda, kamera ikawazunguka, na theluji ikaanguka dirishani taratibu. Ilikuwa nzuri mno. Hilo ndilo lililoniogopesha, ilikuwa nzuri hata mimi machozi yalinitoka. Niliposikia harufu, pasi ilikuwa imekwisha kula mkono wa shati la Walt, alama ya kahawia, umbo la pasi kamili.

Nilikwenda mbio kwa Bi Petrik bila koti. Nikamkuta anafuta macho kwa aproni. Nikamweleza ninachotaka kufanya, na nikamwomba anyamaze. Alinitazama, akachukua rozari yake, akaniambia, "Kuwasingizia watu wa televisheni si dhambi, binti yangu. Mwandishi wao mwenyewe anawasingizia kila siku na analipwa." Alinyamaza mpaka kaburini, yule mama. Ninampelekea maua kila mwaka na sasa unajua kwa nini.

Saa kumi na nusu mkaingia. Agnes akasema mwaga. Nami nikawaambia kwamba Celeste alifungua mlango, akamtazama Royce akilia mpaka chozi la mwisho, kisha akasema: "Nimekusamehe, Royce. Lakini ninakusamehe nikiwa njiani." Kwamba akachukua mkoba wake, akapita pembeni yake, akashuka ngazi zile zile alizopigiwa, na basi likawa linangoja. Stella alipiga meza kwa furaha. Wewe uliuliza tu kama aligeuka nyuma. Nikasema hapana.

Hakuna Celeste aliyesema maneno hayo, mdogo wangu. Niliyasema mimi, nimeshika kijiko cha supu, nikiangalia vidole vyako vilivyotokeza kwenye plasta, vilivyovimba.

Jumamosi asubuhi ulipanda basi la kwenda kwa shangazi Irma huko Tucson, Arizona. Jumapili Walt alikuja akanikuta peke yangu, nikampa shati lake lenye alama. Alilitazama, akanitazama, akaondoka nalo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Arizona. Ulipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mchana kutwa, hukuweza kuangalia, ukaniandikia: Celeste anaendeleaje? Ningejibu nini? Kwenye televisheni alikuwa anamchanganyia Royce vinywaji na kuvaa vito. Kwenye barua zangu alipanga chumba juu ya duka la maua. Akajifunza kuendesha gari, akagonga uzio, akacheka. Mwezi mmoja baadaye ukaniandikia kwamba umeanza kujifunza gari. Nikaandika kwamba Celeste ameingia chuo cha wauguzi madarasa ya jioni, nikafunga bahasha haraka kabla sijaona aibu. Na wewe ukaingia, Rosalie. Miaka thelathini umevaa sare ile. Walipomwua Celeste halisi kwenye ajali ya ndege, kwa sababu mwigizaji alitaka mshahara zaidi, nilikupunguzia uchungu, nikakuambia wamemhamisha tu mjini kwingine na hasemwi tena. Nililia kwa ajili ya yule wa kwangu, si yule wao.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Umesema unataka Marisa akae nawe aone siku Celeste alipoondoka, sasa ambapo na yeye ana kijana anayemrushia maneno makali. Umemfundisha yale maneno ya mlangoni. Uliyafundisha wodini kwa wanawake wangapi? Gazeti la vipindi liko hapa mbele yangu, na limeandika wazi: Alhamisi ijayo, Celeste amrudia Royce. Siwezi kukuacha uyaone hayo pamoja na mtoto bila kukuonya.

Lipo la mwisho, nalo ndilo zito. Walt alipofariki Januari nilikupigia, ukauliza habari za hali ya hewa. Sikukuambia kwamba aliacha pombe mwaka wa tatu baada ya wewe kuondoka. Hakuoa. Kila theluji ilipoanguka alikuja na koleo lake akasafisha njia yangu, akaondoka bila kubisha mlango, hata alipokuwa mzee wa kutetemeka. Mara moja tu alisimama, akasema, "Ungeniachia ile Jumapili moja, Bernadette." Sijui mpaka leo kama angekupiga tena. Huenda angekuwa kama Royce, ambaye wale waandishi walimfanya mtu mwema. Huenda ningekuzika mwaka ule ule. Nilichagua kwa niaba yako na sikukuambia kwamba ulichaguliwa njia, na hilo limenikaa kifuani miaka thelathini na saba. Sijuti kwamba ulipanda lile basi. Ninajuta kwamba hukujua ni nani aliyekusukuma. Nilikuogopa, Rosalie. Niliogopa kwamba kama ungejua maneno ni yangu, usingeondoka, maana nani aliwahi kumsikiliza Bernadette asiyeolewa?

Una haki ya kukasirika. Kasirika, mimi ni mkubwa, nitabeba. Lakini nina ombi moja. Alhamisi, saa nane yetu hapa, kwenu bado asubuhi, mketishe Marisa karibu nawe, muwashe televisheni, mzime sauti. Kisha nipigie. Theluji ianguke, wakumbatiane wanavyotaka. Mimi nitakuwa kwenye kiti cha mama na mkono juu ya simu, nami nitawasimulia alivyofungua mlango, na alivyosema, na kwamba hakugeuka nyuma. Safari hii Marisa ajue ni bibi yake mkubwa anayesema. Simu isipolia, nitaelewa kwamba mmewasikiliza wao, na nitavuta mapazia yangu bila kinyongo.

Nisalimie Paulette, mwambie zilikuwa pirohi nne. Nisalimie Marisa, na huyo kijana wake usimsalimie. Stella anakusalimu kutoka nyumba ya wazee. Bado anapiga meza akifurahi. Barua hii naipeleka posta ya haraka kesho asubuhi ili ikufikie kabla ya Jumatano. Mungu akulinde, mdogo wangu, na kama nimekukosea zaidi ya ninavyojua, akulipe mara mbili.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye goti,

Bernadette