Mizeituni Yetu Nimeitoa kwa Kijiji

Peñaroyuela, Aragón
21 Februari 1937

Mpendwa kaka Nazario,

Hujambo wewe, na wifi Amparo hajambo? Kifua chako kimetulia, au unga wa mikate bado unakukohoza? Sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo baridi ya mwaka huu imeyakamata barabara. Mume wangu Blas yuko vitani upande wa Huesca. Barua yake ya mwisho ilisema amepata viatu vipya, nami usiku huo nililala vizuri.

Utapokea pia barua ya Eusebio wa kamati ya kijiji. Ameniambia mwenyewe kwamba atakuandikia kunisifu, ili uwasomee wenzako wa chama cha waokaji mikate huko Rosario, ng'ambo ya bahari. Nimeharakisha hii itangulie. Nakuomba usiwasomee.

Kaka, mizeituni aliyotuachia baba nimeitoa kwa shamba la pamoja. Yote, na nusu yako ikiwemo. Sikukuuliza, na hilo peke yake linatosha kuniinamisha kichwa.

Msimamo wako naujua. Siku ya harusi yangu wewe na Blas mlibishana mpaka nyama ya kondoo ikapoa. Wewe ulisema pasiwe na bwana, lakini kila mtu ale jasho lake kamili. Yeye akasema jasho halipimiki, vyote viwe vya wote na kila mmoja achukue kwa haja yake. Mama akawauliza, "Na vyombo je, mtaviosha kwa msimamo upi?" Kitu kimoja tu mlikubaliana: kumlipa mwenzako ujira akufanyie kazi yako ni ubwana ule ule.

Basi kijiji kilipotwaa mashamba ya yule tajiri don Leandro na kuyafanya ya pamoja, wengi walijiunga, mimi nikabaki nje kwa ajili yako. Kanuni ilikuwa nyepesi: asiyetaka kujiunga abaki na ardhi anayoiweza kwa mikono yake mwenyewe, ila asiweke kibarua. Eusebio hakunilazimisha. Alinitania tu kisimani, "Ng'ang'ania miti yako, Orosia, labda itakufulia na nguo." Nikamwambia, "Yangu inatoa mafuta. Kamati yako inatoa maneno." Watu wakacheka, nami nikajiona nimeshinda.

Halafu zeituni zikaiva na magoti yakagoma. Ningesema neno moja tu, kikosi cha wavunaji wa shamba la pamoja kingekuja kunisaidia bure. Kiburi kikanizuia. Palikuwa na mwanamke mkimbizi kutoka upande wa Teruel, anaitwa Fermina, aliyetaka kwenda Valencia kumtafuta mumewe. Hapa kwetu pesa hazinunui kitu siku hizi, kwa kuwa vyote vinagawiwa, lakini treni bado inazitaka, naye aliona haya kuiomba kamati. Mimi nilikuwa na peseta za zamani sandukuni. Tukapatana kimyakimya. Mtu akiuliza, tuseme ni binamu ya Blas.

Alivuna vizuri mno. Mimi nilikaa nikichambua majani. Jioni alipotaka kuondoka, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ngoja kwanza. Kung'uta aproni."

Unalikumbuka lango la don Leandro, Nazario. Unamkumbuka mama kwenye foleni na wanawake wenzake, wakikung'uta aproni na sketi mbele ya msimamizi, aone kwamba hawakuficha zeituni, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na sisi wawili tukitazama chini. Sijui maneno yale yalikaa wapi ndani yangu miaka yote hii. Yalitoka bila kutafutwa.

Fermina hakukasirika. Angekasirika, ningepata nafuu. Alikung'uta, akageuza na mifuko bila kuambiwa, akainua mikono kama mtu aliyezoea. Halikuanguka hata jani. Kisha akauliza, "Nije na kesho, bibi?" Tangu mapinduzi ya Julai hapa hakuna anayemwita mwenzake bwana wala bibi. Nami nikamjibu, "Njoo mapema."

Usiku huo sikupata usingizi. Alipokuja nilimpa peseta zote, nikamwambia kazi imekwisha. Jioni nikasimama mkutanoni nikatoa miti, kwa sababu siwezi tena kukanyaga shamba lile kama mwenyewe. Nilitaka kuwaeleza kwa nini. Nilipofungua mdomo wakaanza kupiga makofi. Eusebio alifuta machozi, akasema hoja za Blas hatimaye zimeniingia. Nikakaa chini bila kusema. Fermina alikuwa benchi la nyuma, akisubiri gari la alfajiri. Naye alipiga makofi.

Ukiitaka nusu yako, niandikie, nitakwenda kuidai mbele ya wote na kusema yote. Usipoitaka, sawa pia. Ila usiniambie kwamba nimefanya vizuri.

Nisalimie wifi Amparo, na Casilda na Ramiro watoto wako, na shangazi Benita; je, macho yake bado yanaona kusoma? Afya na uhuru visikose mlangoni pako.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye haya,
Orosia