Ndugu Yake Yuko Wapi?

Kakuma, kwa njia ya Lodwar

Kwako dada yangu Nasimiyu,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu za kuisoma hadi mwisho. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama je, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku nimelizoea, maji napata, na vumbi tunalila bure pamoja na ugali. Ukiniona utasema nimekonda, lakini si ugonjwa.

Najua miezi saba imepita bila neno lolote kutoka kwangu. Sikukosa karatasi wala mtu wa kumpa barua, maana malori yanapanda kwenda Kitale kila wiki. Nilikosa uso. Leo nimeamua kuandika, na nitaandika hata mambo unayoyajua, ili yeyote utakayempa barua hii aielewe bila kukuuliza.

Nianze na kazi. Yule tajiri wa Lodwar ambaye mumeo aliniandikia barua ya kunijulisha kwake aliniweka dukani miezi miwili tu, halafu akanileta huku Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, nimwendeshee nyumba ya video. Usidhani ni jumba. Ni kuta za udongo, mabati juu, mablanketi ya kuziba mwanga, televisheni moja na jenereta linalopiga kelele kuliko wateja. Tunaonyesha saa tisa mchana. Wanakuja Wasudani wa kambini na Waturkana wa mjini, na kwa kuwa Kiingereza cha puani hakiwaingii, mimi husimama kando na kijiti nikiwaeleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Sokoni wananiita Mwalimu wa Video. Huu mdomo ulioniponza sana shuleni ndio unaonilisha.

Kanda zenyewe ni kuukuu. Wazungu fulani waliohama Lodwar walimwachia tajiri sanduku zima, zimerekodiwa kutoka televisheni za kwao, na matangazo ya sabuni yamo humo humo. Karibu zote ni hadithi moja. Kuna mwanamke ameona jambo, anasema, na hakuna anayemwamini. Askari anaandika kwenye kijitabu halafu anakifunga. Daktari anampa vidonge alale. Mume anamshika bega kwa upole mbele za watu na kusema mke wangu amechoka tu. Watu wa huku wanazipenda mno. Wanamfokea askari, wanamwambia yule mama asimeze vidonge, na mimi ndiye ninayewachochea kwa sauti yangu.

Mlangoni huuza chai mama mmoja Msudani, Mama Akuol, mrefu, asiyecheka ovyo. Siku moja tulikuwa na kanda ambayo mume anaficha barua za mkewe na kuhamisha funguo za gari, kisha anamwambia daktari kwamba mkewe anapoteza akili. Mama Akuol akaingia ndani na birika mkononi.

"Mwalimu, huyu mwanamke, ndugu yake iko wapi?"

Nikamwambia hana ndugu.

"Hapana. Mtu nazaliwa na watu. Ng'ombe yake nani alikula?"

Nyumba nzima ikamuunga mkono. Kwao, na kwa Waturkana vilevile, ng'ombe wa mahari wanaliwa na kaka zake, kwa hiyo mke akiteswa, kaka ndiye wa kwanza kuulizwa. Hadithi isiyo na kaka hawakuielewa hata kidogo. Walidhani mimi nimemruka katika kueleza. Mzee Ekai, mfugaji anayekaa mbele kila siku juu ya kigoda chake, akasema bila hata kugeuka, "Huyo ndugu iko. Amepewa kitu, amenyamaza."

Watu walicheka. Mimi nilishindwa kuendelea kueleza, nikawaacha waangalie picha tu mpaka mwisho.

Kesho yake nikafanya ujinga. Niliwatungia kaka. Mwanamke akiinua simu, nasema anampigia kaka yake. Gari likitokea barabarani, nasema huenda ni yeye. Wakatulia wakimsubiri. Kanda ikaisha, yule mama akajiokoa peke yake kama ilivyo kawaida yao, majina yakapanda kwenye kioo, na hakuna mteja aliyeinuka.

"Weka ile ingine," wakaniambia. "Ile ndugu anakuja."

Niliapa kwamba haipo. Mzee Ekai akasema ninaificha. Nilizima jenereta, nikatokea mlango wa nyuma, nikakaa juu ya pipa la dizeli nikalia mchana kweupe, mtu mzima mimi.

Sasa nakuambia usilolijua. Ulipoanza kusema kwamba mumeo anahamisha vitu ili uonekane huna akili, kwamba anataka kukufukuza bila lawama ya kanisa na kubaki na watoto, mimi nilikuwa nimekaa kwenu wiki mbili. Asubuhi moja kumeshapambazuka nilikuwa natoka chooni nikamwona shemeji zizini. Alimfungulia ndama kwa mikono yake, akamsukuma kwa mama yake, akaitundika kamba vizuri kwenye nguzo, akarudi ndani. Ulipokwenda kukamua hukupata kitu. Naye akakuuliza, mbele yangu na mbele ya jirani, kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo kanisani, "Mama Wanyama, umesahau tena kumfunga ndama?" Ulinitazama, dada. Mimi nikatazama kikombe changu.

Halafu siku ya kikao cha wazee kuhusu ndoa yako, baba aliniuliza waziwazi: "Barasa, wewe ulikaa pale. Uliona nini?" Nikasema sikuona kitu. Barua ya kunijulisha kwa tajiri ilikuwa mfukoni mwangu, shemeji amenipa jana yake. Hakunitisha wala hakuniomba chochote. Sikuhitaji kuombwa. Neno langu ndilo lililowafanya wazee waseme umerukwa na akili, wakakurudisha kwa baba ukaombewe, na watoto wako, Wanyama na Nafula, wakabaki kwake. Naona aibu, dada yangu. Naona aibu nikila chakula cha kazi hii, naona aibu zaidi wanaponisifu kwamba ninajua kumwonea huruma mwanamke aliyeko ndani ya televisheni.

Mambo haya yote nilimweleza Mama Akuol, nikidhani atanipa maneno ya kunituliza. Alinimiminia chai, akangoja nimalize kikombe.

"Sasa wewe nakaa hapa, nafanya nini?" akaniuliza.

Nimepata habari kwa dereva wa lori kwamba kikao cha pili kitakaa baada ya mavuno, na hapo ndipo watakata neno kuhusu watoto. Barua hii haitoshi. Watasema umeiandika wewe, au umenililia mpaka nikaiandika. Kwa hiyo nakuja mwenyewe. Barua inatangulia na lori la leo, mimi nitapanda la wiki ijayo, Mungu akilivusha salama pale Kalemng'orok, ambako lililopita lilikaa siku mbili limevunjika springi. Tajiri alipouliza naenda kufanya nini, nilimweleza. Yeye na mumeo walisoma darasa moja. Aliniambia nikiondoka nisirudi, nami nikamkabidhi ufunguo.

Sikuombi unisamehe, na usinichinjie kuku. Nitafikia kwa mjomba. Ninachotaka ni nafasi ya kusimama mbele ya wazee niseme habari ya ndama, na wakiuliza kwa nini nilinyamaza, niwaambie nilikuuza kwa kazi ya dukani. Huenda wakanizomea. Huenda wakasema ninasema uongo, na hapo nitakuwa nimeonja kidogo tu katika yale uliyoyanywa wewe. Lakini sitaketi mpaka wamenisikia, na nikitoka hapo nitakwenda nawe hadi mlangoni kwa mumeo kuwachukua watoto, mchana, majirani wakiona.

Msalimie mama, umwambie dawa yake ya kifua nakuja nayo. Msalimie mjomba Wekesa, na kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa kikao, mwombe aandike jina langu miongoni mwa wasemaji. Msalimie shangazi Nanjala, ambaye peke yake alikuamini nami nikamcheka; mwambie nitamwomba radhi kwa magoti. Baba usimpe salamu zangu. Nitamwamkia mwenyewe, hapo hapo kikaoni, kabla hajaniuliza lile swali mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako, niliyejua tangu asubuhi ile kwamba unasema kweli,

Barasa