Pumzi Niliyoijua Mgongoni Mwako

Bukoto, Kampala
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Hujambo? Kile kikohozi cha mvua kimekuacha, au bado unamficha Baba? Mimi sijambo. Kazi ya Bugolobi inaendelea, na upweke nimeanza kuuzoea.

Nilikuambia kwa simu kwamba kwaya yetu ya Kamwokya imenipa ubeti wa kuimba peke yangu. Sikukuambia kwamba nilikaribia kunyang'anywa. Kila nilipofika katikati ya mstari wa pili pumzi iliisha, sauti ikakatika. Mwalimu wetu, Mama Riziki, Mkongomani aliyefundisha uimbaji Bukavu kabla ya vita kumleta huku, akasema, "Jumamosi ukikatika tena, nampa Nakato."

Nilisoma kila nilichopata kuhusu sauti. Nikajaza kifua, nikapandisha mabega, nikakatika palepale.

"Binti, mabega ni ya kubebea mizigo, hayaimbi," aliniambia. "Unavuta hewa kama mtu mwenye anataka kuzama!"

"Banange, jamani, mwacheni Mkenya, anapanda mlima!" akadakia Nakato, Mganda anayesimama kando yangu. Nilicheka nikiwa karibu kulia.

Natamani ungemwona Mama Riziki akifundisha. Hana haraka, wala hamtanii mtu akamwacha hapo. Alinigeuzia mgongo, akaivuta mikono yangu na kuiweka kwenye mbavu zake, chini, karibu na kiuno. "Usisikilize. Shika tu." Akavuta pumzi. Mabega hayakusogea, lakini mgongo ulifunguka chini ya viganja vyangu. Kisha wimbo ukatoka, na mbavu zikarudi polepole, kama mtu anayefunga mlango mtoto akiwa amelala.

Nilishindwa kuondoa mikono. Mgongo huo niliujua, Mama. Ulikuwa ukinibeba kwa leso hata nilipokuwa mkubwa wa kutembea, nami nililaza shavu mgongoni mwako ukiimba huku unapepeta maharagwe. Ulipanuka vivyo hivyo kabla ya kila mstari. Wala hakuna aliyekufundisha.

Jumamosi mazoezini nilivuta pumzi nikiwazia shavu la mtoto mgongoni mwangu. Mstari wa pili ukapita. Leo kanisani nimeimba ubeti wote, na wa kwanza kunikumbatia alikuwa Nakato.

Nisalimie Baba, na shangazi wa sokoni, na dada yangu. Mwambie dada, mtoto wake akilia, akupe wewe umbebe. Na ukishamfunga mgongoni, mwimbie, hata akiwa amesinzia.

Mwanao anayekuwaza,
Nekesa