Tone Juu ya Mto wa Kulalia

Jumamosi, 18 Mei

Siku ya nne ya kuishi ndani ya gari. Mvua haijakoma tangu Jumatano. Nimeamka na maji sikioni – si machozi, nijiandikie ukweli. Ni tone. Linatoka juu ya ule mlango wa kusukuma pembeni, linaning'inia kwenye reli kama mtu mwenye miadi, kisha linashuka juu ya mto wangu. Baba Yetu moja, tone moja. Nikisali haraka, naifikia amina kabla yake.

Nimegeuka, kichwa kikaenda upande wa miguu. Sasa zinalowa soksi.

Adhuhuri kaka yangu Eliecer kapita na mwavuli. Akasimama nje, akachungulia.

– Kumbe umehamia chini ya bomba, mdogo wangu.

Nimewapikia wapangaji wake miaka kumi na tisa. Chumba changu kiko juu ya jikoni, bado kitupu. Anasema kitanisubiri mpaka Ijumaa ya tarehe 31. Siku hiyo anakuja mtu wa mabwawa ya samaki, anataka kupanga kipupwe chote. "Sikusukumi," akasema. "Ukichoka kunywesha godoro, njoo."

Basi ni hivyo. Nimeapa kwamba mvua zikipungua, mwezi wa kumi, nitateremka na gari hili kusini mpaka barabara iishe. Lakini kwanza lazima niumalize huu msimu humu ndani. Tone lisipokoma kabla ya tarehe 31, nitarudi kukoroga supu ya wanaume wa watu mpaka nizikwe na mwiko. Nina miaka hamsini na minane. Silaumu mtu. Naandika tu.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeenda kumwomba Mzee Sigifredo, ambaye gari limeegeshwa uani kwake. Hapa kijijini Quemchi huombwi msaada juu ya ua. Unafuatwa nyumbani, mwombaji anakaa, anauliza habari za goti lako, ndipo anasema shida. Na siku ya kazi anakulisha mpaka uhemee puani.

Mzee amejenga mashua miaka hamsini. Kanisikiliza amefumba macho.

– Bibie, umefika kwa mwenyewe. Chombo kikivuja ni chombo tu. Kiwe na magurudumu, kisiwe nayo.

Jioni nimekuna viazi ndoo nzima.

Jumanne, 21 Mei

Sikukuu, bendera zimelowa kila nyumba. Mzee kafanya kazi kwa saa nne nzima. Nyuzi, lami ya moto, nyundo ya mbao. Kalikalafati gari zima! Palipo na upenyo kaziba: juu, pembeni, hadi vitundu vitatu vilivyo chini ya mlango.

– Hapa hata dhambi haipiti, akasema.

Kala milcao, mikate yetu ya viazi, kumi na moja. Sikuhesabu kwa sauti. Gari sasa linanuka bandari.

Alhamisi, 23 Mei

Tone lipo. Palepale.

Na limepata mwenzake. Tangu jana mlango umekuwa mzito. Ukiusukuma unasema chubwi, kama tumbo la ng'ombe. Leo nimeusukuma kwa nguvu – maji ya kutu yakamwagika kwenye ndara zangu, ndoo nzima au karibu.

Nimesimama pale na ndara mkononi ndipo nikaelewa. Vile vitundu vya chini vilikuwa njia ya mlango kukojoa. Mashua kazi yake ni kuyakataa maji pande zote. Mlango wa gari ni mpole zaidi: unayakaribisha, kisha unayatoa kwa chini. Tumeufunga kibofu.

Haya, nani amwambie? Nimeomba, akaja, akala. Kuchukua kisu nikwangue lami yake, uani kwake, mbele ya dirisha lake? Hakuna ambaye angeniamkia hapa mpaka Krismasi. Na wangekuwa na haki.

Mzee kaniita kutoka dirishani: je jirani, pakavu?

– Nalala kama mtoto mchanga, nikajibu.

Sikudanganya. Watoto wachanga nimewaona wanavyoamka.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya misa nimempelekea Mzee mkate. Tukakaa karibu na jiko la kuni, chai ya kunywa kwa mrija, kikombe kimoja, ikienda na kurudi baina yetu. Nikauliza habari za mashua yake iliyopandishwa ufukweni: mvua yote hii, haijai?

– Wewe kweli mpishi, akasema. Mashua ikiwa nchi kavu unang'oa kizibo, maji yanatoka yenyewe. Ukiiacha na kizibo inaoza, na wewe unakuwa mjinga wa kijiji.

– Aa. Kumbe.

Nikamimina maji ya moto. Nikasema mimi sijui mambo haya, lakini gari je, Mzee – wataalamu wanalihesabu liko majini au liko nchi kavu?

Kavuta mrija mpaka ukalia. Kaangalia dirishani, lilipo gari. Kisha akaanza habari za goti lake, tena kwa kirefu.

Jumatatu, 27 Mei

Saa mbili asubuhi nasikia mkwaruzo. Mzee Sigifredo kapiga magoti kwenye tope, hilo goti bovu pia, anazibua vitundu kwa msumari mrefu. Hakunitazama.

– Kuna mpumbavu kaziba hapa.

– Watu wengine, Mzee!

Maji yalitoka muda mrefu. Sote wawili tukawa tunaangalia bahari.

Jumatano, 29 Mei

Lakini tone la juu bado. Hili ni langu. Zimebaki siku mbili.

Nimewaza kama ninavyojua kuwaza: kwa unga. Nikanyunyiza unga wa ngano kwenye mpira wa mlango, mzunguko wote, kwa ndani, kama ninavyonyunyiza kibao cha mkate. Nikafunga. Nikasubiri mvua. Haikunichelewesha.

Nilipofungua, unga wote mkavu. Isipokuwa mahali pamoja, juu kabisa, sawasawa na mto: kidonge cha unga uliolowa, tayari kukaangwa. Hapo ndipo ncha mbili za mpira zinakutana, na kati yake kuna pengo la upana wa ukucha. Aliyeuvisha mlango mpira huu aliweka kiungo juu badala ya chini. Kama kuvaa koti vifungo mgongoni. Na lami ya Mzee haikuweza kushika pale: mlango ukifungwa mpira unabonyea, lami inapasuka.

Nikaung'oa wote. Nikauzungusha mpaka kiungo kikaenda chini, karibu na vitundu, nikaukandamiza upya kwa vidole gumba. Mikono myeusi hadi viwiko. Nilipoinuka, Mzee kasimama nyuma yangu. Sijui tangu saa ngapi.

Kanipa kopo la mafuta ya taa ninawe.

– Mpira sikusomea mimi, akasema. Mimi ni mtu wa mbao.

Nimeichukua kuwa ni ruhusa.

Alhamisi, 30 Mei

Jua. Jua tupu, asubuhi mpaka jioni. Kijiji kizima kimeanika nguo, kinaimba. Niliyenuna ni mimi peke yangu.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua na Eliecer vimefika pamoja, saa nane na nusu. Mtu wa mabwawa anakuja na basi la saa kumi na moja, anataka jibu. Kaka kaweka ufunguo wa chumba mezani.

– Sema tu, mdogo wangu. Unarudi, hurudi.

Nikamwambia angoje tuiangalie reli. Akasema ametembea kilomita mbili kuja kuangalia reli, basi na tuiangalie. Nikampa supu. Kamaliza bakuli, kaomba la pili. Siku hizi anapika mwenyewe, akasema. Wapangaji wanatia chumvi kabla ya kuonja.

Mvua inapiga bati.

– Chumba nimekipaka rangi, akasema. Ile buluu.

Buluu ile nilimwomba mwaka wa kwanza. Nikamwomba wa pili. Baadaye nikaacha.

Nikaliondoa bakuli mezani. Akavua buti, akajilaza kitandani – eti reli inaonekana vizuri kutoka chini. Kabla sijaosha bakuli akawa anakoroma.

Saa kumi na dakika ishirini. Kichwa chake kiko juu ya mto, kipara sawasawa chini ya lile pengo la zamani. Tone likidondoka nitalisikia.

Kumi na nusu. Mvua ya upepo sasa, inapiga mlango waziwazi. Chini nasikia vitundu vinamwaga. Kipara kikavu.

Kumi na dakika arobaini na tano. Kikavu. Basi litakuwa linateremka mlimani. Nikimwamsha sasa atauliza tena, na itabidi mmoja wetu auchukue ufunguo huu: mimi nirudi, au yeye akampe mtu wa mabwawa. Nimemfunika miguu. Ameuvuta mto kifuani bila kuamka, kama wa kwake.